Kwenu Ni Wapi, na Maana Yake Nini?

Msomaji uliyeko Al-Rawdah, iwe ya Riyadh au ya Jeddah, hebu hesabu ni mara ngapi umeliandika jina la mtaa wako mwaka huu. Umemwandikia dereva wa teksi, shule ya watoto, duka linaloleta vyakula nyumbani, na mapokezi ya hospitali. Huenda kila mara umeliandika tofauti: Rawdah, Rawda, Raudah, Rowdah, Al-Rawdha. Jina ni lile lile. Kinachotatiza ni herufi moja ya Kiarabu, dhwadi, ambayo huyu huiandika kwa d na yule kwa dh, pamoja na ile "al" ya mwanzo ambayo Mwarabu huitamka "ar" kwa sababu inafuatwa na r.

Sisi Waswahili neno hili tunalo siku nyingi. Tuna mabinti wanaoitwa Raudha, na maana yake ni bustani. Huku Najd, raudha ni bonde la jangwani ambamo maji ya mvua hutuama, kisha pakaota nyasi na maua. Mvua zikinyesha, watu wa Riyadh hufunga vyakula vyao wakaenda kupumzika Raudhat Khuraim, kaskazini-mashariki ya mji. Na wingi wa raudha ni riyadh. Kwa hiyo mji mkuu wa Saudia unaitwa Mabustani, na anayekaa Al-Rawdah ya Riyadh anakaa Bustanini, katika mji wa Mabustani. Kule Lamu upo Msikiti wa Riyadha, ulioanzishwa na Habib Swaleh karibu na mwaka 1900, na jina lake limetoka humo humo. Hata riadha ya wakimbiaji wetu inatoka katika mzizi huo wa herufi tatu.

Nilipowaeleza wanangu haya wakati wa chakula, walifurahi sana. Kisha mkubwa akauliza: "Mama, na kwetu Tongoni maana yake nini?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike makala hii. Watoto wetu wengi wanaijua anwani ya nyumba ya kupanga, hadi namba ya jengo na msimbo wa posta, lakini kwao hawakujui ila kwa jina la nchi. Tongoni ni kijiji cha pwani, kusini ya mji wa Tanga. Tongo ni mahali palipokuwa na makazi zamani, watu wakahama. Na kweli hapo pana magofu ya msikiti wa kale na makaburi ya nguzo. Aliyepaita hivyo alituachia historia nzima kwa silabi tatu: hapa palikuwa na mji, wenyewe wakaondoka. Lakini mtoto asiyejua neno "tongo" hasikii chochote humo. Kwake ni sauti tu, sawa na namba ya simu.

Jina likivuka kutoka herufi hadi herufi

Tuanze na karatasi, maana hapo ndipo wengi wetu huumia kwanza. Kiarabu sanifu hakina p, hakina v, hakina ch, wala hakina g yetu. Basi karani anapojaza fomu ya ikama au cheti cha mtoto, Pemba huwa Bemba. Vuga huwa Fugha. Chake Chake huwa Shaki Shaki. Tanga, kama g imeandikwa kwa jimu, husomeka Tanja, na msomaji Mwarabu anaweza kufikiri ni ule mji wa Morocco ambao Waingereza huuita Tangier.

Zanzibar ndiyo yenye mtego mkubwa zaidi. Kwa Kiarabu huandikwa Zinjibar, na huko Yemen, katika mkoa wa Abyan, upo mji unaoandikwa kwa herufi hizo hizo, moja baada ya nyingine. Mtu aliyezaliwa Unguja akiandikiwa "Zinjibar" bila jina la nchi, karatasi yake inaweza kusomwa kwamba amezaliwa Yemen.

Sisi wauguzi tunayajua mambo haya kwa sababu leseni zetu hupitia uhakiki wa vyeti. Mwenzangu mmoja alingoja miezi kadhaa kwa sababu wilaya aliyozaliwa ilisomeka hivi katika pasipoti na vile katika tafsiri ya cheti. Hakuna aliyedanganya. Mfasiri aliandika alivyosikia.

Wazee wetu waliokuwa wakiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu walilijua tatizo hili zamani. Baadhi yao waliongeza nukta kwenye herufi ili p isisomwe b, na ch isisomwe j. Nasi tunaweza kufanya jambo la namna hiyo. Fuata tahajia ya pasipoti kama msingi, amua mara moja jina la kwenu litaandikwaje kwa Kiarabu, kisha mpe kila mfasiri karatasi yenye maandishi hayo hayo. Usimwachie akisie. Na kila panapoandikwa Zanzibar, hakikisha Tanzania imeandikwa pembeni yake.

Wenyeji wetu pia wamehangaika na tahajia. Jeddah ndivyo ilivyo kwenye vibao, lakini wenyewe husema Jiddah. Katika miaka ya 1980 serikali ya Saudia iliamua kwamba kwa herufi za Kilatini mji mtukufu uandikwe Makkah, badala ya Mecca iliyozoeleka Ulaya. Walitaka jina lisomwe karibu na linavyotamkwa na wenyewe. Jambo hilo si dogo, na hakuna sababu ya watu wa Ng'ambo au Mtang'ata kuona haya kudai kialama chao juu ya g.

Herufi moja, hadithi mbili

Tahajia na maana ni ndugu. Ukiigusa moja, nyingine hutikisika. Tazama Bagamoyo. Wengi hulieleza jina hili kwa kitendo "bwaga": bwaga moyo. Lakini tangu w ilipoachwa nje, mabishano hayajaisha. Wapo wanaosema ni maneno ya wapagazi waliotembea miezi kutoka bara na mizigo ya pembe za ndovu, wakafika baharini na kuutua moyo. Wapo wanaosema ni kilio cha watumwa: hapa uache moyo wako, kwani hutarudi tena kwenu. Mji ni mmoja, lakini furaha ya huyu ni msiba wa yule. Mimi nisingependa mwanangu afundishwe moja na kunyimwa nyingine.

Dar es Salaam nayo. Kabla Sultani Majid bin Said hajaanza kujenga hapo katika miaka ya 1860, kijiji kiliitwa Mzizima, na wengi husema maana yake ni mji wenye afya. Jina jipya wengine hulisoma "dar", yaani nyumba ya amani. Wengine husema mwanzoni lilikuwa "bandar", bandari ya amani.

Wakati mwingine jina huonekana la kwetu kumbe limetoka mbali. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni neno moja: Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Waafrika wa kikosi hicho walibeba mizigo ya vita isiyokuwa yao, na makumi ya maelfu yao walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu. Leo tunasema "naenda Kariakoo kununua vitenge" bila kuwakumbuka. Jina ndilo kaburi lao, na ni wachache wanaolisoma.

Huku Jeddah kuna mfano wa aina hiyo. Watu wengi watakwambia jina linatokana na "jadda", yaani bibi, kwa sababu ya kaburi linalonasibishwa na mama yetu Hawa. Wataalamu wa lugha hutaja neno jingine la Kiarabu, "judda", ufuo wa bahari. Mji upo ufuoni, kwa hiyo maelezo ya pili yana nguvu. Lakini yale ya kwanza ndiyo yaliyowafanya mahujaji wa karne nyingi wasimame hapo na kusoma dua. Mwenye daftari zuri huandika yote mawili, kisha anaeleza kila moja limetoka kwa nani.

Waliokwisha kupita njia hii

Shahada yangu niliisomea Scotland. Kule vituo vya treni vina majina mawili, moja la Kiingereza na chini yake la Kigaeli, lugha ya wenyeji wa milimani na visiwani. Inverness ni Inbhir Nis, maana yake mlango wa mto Ness. Upande wa pili wa bahari, Ireland, Donegal ni Dún na nGall, ngome ya wageni. Ukilisikia kwa Kiingereza hulipati neno lolote. Ukilisikia kwa Kigaeli linakusimulia.

Mambo yalikuwaje hadi hapo? Mwaka 1824 serikali ya Uingereza ilianza kupima Ireland yote kwa ajili ya ramani za kodi. Wapimaji wengi hawakujua Kigaeli. Kuanzia mwaka 1830 aliajiriwa msomi wa Kiairishi, John O'Donovan, akawa anazunguka wilaya kwa wilaya, anawasikiliza wazee wanavyotamka, anatafuta katika vitabu vya kale, kisha anaandika jina, maana yake, na tahajia ya kuwekwa kwenye ramani. Ramani zilichapishwa kwa tahajia ya Kiingereza, lakini maandishi yake yalibaki, na hadi leo ndiyo yanayotumiwa kurudisha majina ya asili.

Scotland nako wapimaji walikuwa na madaftari ya majina. Kila jina lilikuwa na safu zake: jina litakavyoandikwa kwenye ramani, namna zote lilivyowahi kuandikwa, watu waliolithibitisha, mahali lilipo, na maelezo mafupi. Ila mara nyingi aliyeaminiwa ni mwenye ardhi kubwa au kasisi, hata kama hakukijua Kigaeli vizuri kama mchungaji wa kondoo wa bonde lile. Hapo ndipo makosa mengi yalipoingia. Daftari lilikuwa zuri. Walioulizwa hawakuwa wao.

Sisi tunaweza kuchukua daftari lao na kuwauliza watu wanaostahili.

Kwetu saa inakwenda

Majina makubwa hayako hatarini. Kisangani haitarudi kuwa Stanleyville, wala Murang'a haitarudi kuwa Fort Hall. Yaliyo hatarini ni majina madogo: ya kisima, ya mkwaju waliokuwa wakikutana wazee, ya kivuko, ya shamba la minazi, ya mwamba wa baharini ambao wavuvi wanaujua kwa jina na hakuna ramani iliyoutaja.

Tanzania katika miaka ya 1970, wakati wa Operesheni Vijiji, mamilioni ya watu walihamishwa kutoka makazi yao ya kale kwenda vijiji vya pamoja. Vijiji vingi vipya vikapewa majina ya zama zile, kama Umoja na Azimio. Nyuma yakabaki mahame, na majina ya mahame yamo vichwani mwa watu ambao leo wana miaka sabini, themanini na zaidi. Mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Agosti, ikaja kazi ya anwani za makazi: kila barabara na kichochoro kipewe jina, kila nyumba namba. Ni kazi nzuri sana; mimi niliyeona gari la wagonjwa likipotea kwa kukosa anwani siwezi kuipinga. Lakini jina likishapigwa rangi kwenye kibao, ndilo litakaloingia kwenye simu na kwenye hati. Palipokuwa na mzee wa kueleza, jina la kale liliingia. Pasipokuwa naye, paliandikwa lililokuja haraka.

Nitakupa mfano wa wodini, bila kutaja mtu wala mji. Mzee mmoja wa pwani alikuja Umra na jamaa zake akaugua. Kumbukumbu zilikuwa zimeanza kumtoka siku nyingi. Usiku kucha alikuwa akisema: "Nipelekeni Mwembeni." Wajukuu zake, waliozaliwa na kukulia Ulaya, walielewa kwamba anataka maembe, wakamletea yaliyokatwa vizuri kwenye sahani. Mzee akaisukuma sahani na kulia. Asubuhi shangazi yao alipiga simu kutoka nyumbani, nikamsikia akiwaambia: "Mwembeni ni kule kiungani kwetu alikozikwa mama yake. Mwambieni mnapajua." Mjukuu mmoja akamshika mkono, akamwambia, "Shikamoo babu. Mwembeni tunapajua, bibi yupo pale." Mzee akatulia, akalala.

Katika kazi yangu nimeona dawa nyingi za kutuliza. Siku ile jina la mahali lilifanya kazi hiyo, kwa sababu alikuwepo mtu mmoja aliyebaki analijua. Nimejiuliza mara nyingi ingekuwaje kama shangazi yule naye asingepatikana.

Daftari la majina ya kwetu

Huhitaji kuwa mwanahistoria. Unahitaji simu, daftari na mzee mwenye muda, nao wazee wetu muda wanao. Hivi ndivyo sisi tunavyofanya nyumbani.

Rekodi sauti kwanza. Omba ruhusa, kisha muombe mzee alitaje jina mara mbili, taratibu. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp unatosha, ila uhamishie mahali pengine, kwani simu hupotea. Sauti ndiyo hukuonyesha kama ni ng au ng', kama ni Mtangata au Mtang'ata.

Andika kama anavyotamka, usimsahihishe. Akisema Amu, andika Amu. Lamu utaiweka katika safu ya pili. Akisema Unguja, usiandike Zanzibar. Lahaja yake ndiyo ushahidi wenyewe.

Weka safu tano kwa kila jina: linavyotamkwa, linavyoandikwa penginepo, pamoja na pasipoti na Kiarabu, maana yake, aliyekueleza na tarehe, na mahali lilipo. Mahali palipo pasiwe "karibu na kijiji" tu. Uliza ni upande gani wa msikiti, ni hatua ngapi kutoka mtoni, jua huchomoza wapi ukisimama hapo. Kama una ndugu aliyeko huko, mwombe asimame papo hapo akutumie alama ya ramani ya simu.

Uliza maswali yenye njia. "Maana yake nini?" mara nyingi hujibiwa "ni jina tu". Jaribu haya: Kabla ya kuitwa hivi palikuwa paitwaje? Nani alikaa hapo kwanza? Palikuwa na mti gani, kisima gani, kaburi la nani? Majirani wa kabila jingine hupaitaje? Jina ambalo kwa Kiswahili halina maana huenda linayo kwa Kidigo, Kibondei, Kizaramo au Kipokomo. Hata Nairobi huielewi mpaka umuulize Mmaasai, atakayekwambia habari za maji ya baridi.

Ukipata maelezo mawili yanayogombana, yaandike yote mawili. Usichague lililo tamu zaidi. Hadithi tamu mara nyingi hutungwa baada ya maana ya kweli kusahaulika, lakini hadithi hiyo nayo ni ya watu wako.

Na wape watoto kazi. Wakubwa waandike kwa herufi za Kilatini na Kiarabu, wadogo wachore ramani ya kijiji wanavyoelezwa. Wanafunzi mlio vyuoni mna nafasi zaidi: ipo ramani huria ya OpenStreetMap, ambayo mtu yeyote anaweza kuongeza jina la mahali pamoja na umbo lake la Kiswahili. Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015 uliwatumia wanafunzi na wakazi wenyewe kuchora mitaa inayofurika maji, na mitaa ambayo haikuwemo kwenye ramani yoyote ikaonekana.

Neno moja la tahadhari. Majina ya mashamba na makaburi yanagusa mirathi. Kabla hujatangaza mtandaoni kwamba shamba fulani ni la fulani, zungumza na wakubwa wa ukoo. Daftari la familia linaweza kubaki la familia na likafanya kazi yake vizuri.

Ijumaa hii

Wengi wetu Ijumaa ndiyo siku ya kupiga simu nyumbani. Tunaulizana afya, pesa zilizotumwa, mvua, nani kaoa. Ijumaa hii ongeza swali moja tu: "Bibi, shikamoo. Pale kisimani palikuwa paitwaje?" Kisha nyamaza umsikilize. Jibu litakuwa refu kuliko unavyotarajia, na huenda bibi akakumbuka majina mengine saba ambayo hajayataja tangu ujana wake. Mtoto awe pembeni yako na kalamu.

Sisi tumeshafika majina thelathini na mawili, na mengine tisa bado hayana maana katika safu ya tatu. Wanangu wanajua sasa kwamba wanakaa Bustanini na kwao ni Mahameni. Mdogo anauliza ni nani waliohama, na walikwenda wapi. Hilo swali nimempelekea babu yake.